Maneno ya chuoni Uswidi: pitia Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye

Mwezi wa Julai nilikuwa nimefika Uswidi mapema, nikataka kujua ninunue vitabu gani kabla masomo hayajaanza. Nikamwandikia mwalimu wa kozi. Jibu likarudi papo hapo, la mashine: "Jag har semester till och med vecka 32." Katika sentensi nzima nililijua neno moja tu, nalo nikaona linatosha: "semester". Nikasema moyoni, mama wa watu yuko katikati ya muhula, anafundisha, basi nimfuate ofisini. Nikapanda basi, nikafika idarani, mlango umefungwa na korido nzima giza. Kwa Kiswidi "semester" ni likizo ya mfanyakazi. Muhula wanauita "termin".

Kutojua Kiswidi si kosa, kila mtu huanzia hapo. Kosa langu lilikuwa kudhani Kiingereza ndiyo ngazi ya kupandia kila lugha ya Ulaya. Lugha hizi mbili ni ndugu kweli, lakini ni ndugu waliogawana nguo na kila mmoja akazivaa anavyojua. Nilipoanza kupima maneno ya Kiswidi kwa Kiswahili changu, mengi yalikaa yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu ni kwa anayekwenda kusoma Uswidi akiwa na Kiingereza cha shule na Kiswahili cha nyumbani: anayefuata shahada ya uzamili inayofundishwa kwa Kiingereza, na vilevile ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaoanza SFI, yaani masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji ambayo kila manispaa huyatoa bure. Nimeupanga kwa kufuata safari yenyewe, toka barua ya udahili hadi cheti.

Hatua ya 1: Tengeneza daftari la safu tatu

Safu ya kwanza andika neno la Kiswidi. Ya pili andika neno la Kiingereza ambalo chuo chenyewe kinalitumia kwenye tovuti yake, maana Kiingereza cha vyuo vya Uswidi mara nyingi ni Kiswidi kilichovaa koti. Ya tatu andika Kiswahili, tena Kiswahili unachokisema, hata kama ni cha mabwenini.

Kila nomino iandike pamoja na "en" au "ett" yake: "en kurs", "ett betyg". Wenzako wa Kiingereza watalalamika kwamba hakuna kanuni ya kujua neno lipi linachukua ipi. Wewe uliyekulia kwenye ngeli za M-WA, KI-VI na LI-YA utalalamikaje kwa ngeli mbili? Chukua neno na ngeli yake kama ulivyochukua "kitabu hiki" utotoni, bila kuuliza kwa nini.

Tofauti ni kwamba sisi hubandika vitu mbele ya neno, wao hubandika nyuma. "Tenta" ni mtihani, "tentan" ni ule mtihani tunaoujua, "tentor" ni mitihani, "tentorna" ni ile mitihani. Na wakitaka neno jipya, huunganisha yaliyopo mpaka yanafika ukingo wa karatasi: "tentamensanmälan". Usiogope, lisome toka mkiani. Mkia ni "anmälan", kujiandikisha, na kilichotangulia kinasema kujiandikisha kwa ajili ya nini, yaani mtihani. "Kurslitteratur" ni vitabu, vya kozi. "Kursansvarig" ni mwenye dhamana, ya kozi.

Kuhusu matamshi nitasema machache. "Bok" (kitabu) hutamkwa karibu na "buuk". Kwa sehemu kubwa ya nchi "rs" hugeuka "sh", kwa hiyo "kurs" ukiisikia inakaribia "kush". Na herufi "å", "ä" na "ö" zinakaa mwisho kabisa wa alfabeti, baada ya "z". Ukitafuta "ämne" (somo) kwenye orodha chini ya A, utatafuta hadi usiku.

Hatua ya 2: Isome barua ya udahili kwa neno lake

Maombi ya karibu vyuo vyote hupitia mfumo mmoja wa taifa. Upande wake wa Kiswidi ni antagning.se na wa Kiingereza ni universityadmissions.se. Kwa programu zinazoanza vuli, dirisha la waombaji wa kimataifa hufungwa katikati ya Januari. Tangu vuli ya mwaka 2011, asiye raia wa Umoja wa Ulaya au nchi zilizoungana nao kiuchumi hulipa ada ya masomo, na ada ya maombi ya kroni 900 juu yake.

Majibu huja kwa neno moja moja. "Antagen" ni umepata. "Reserv" ni uko kwenye foleni, na tarakimu iliyo pembeni ni nafasi yako kwenye foleni hiyo. Usiifute ndoto ukiona "reserv 4", watu hujitoa. "Obehörig" ni huna sifa zinazotakiwa, na pengine maana yake ni karatasi moja tu imepungua. "Struken" ni umeondolewa kwenye orodha, mara nyingi kwa sababu umeshapata chaguo ulilolitanguliza.

Kisha utaombwa "tacka ja" au "tacka nej". Neno kwa neno ni "shukuru ndiyo" na "shukuru hapana". Kiingereza kinasema kukubali na kukataa, kavu. Lakini ukikaribishwa chakula Tanga au Mombasa nawe umeshiba, unajibuje? "Ahsante." Shukrani ndiyo kukataa kwenyewe. "Tacka nej" ni hiyohiyo.

Usisahau kwamba kupokelewa na kuandikishwa ni vitu viwili. Muhula ukikaribia utatakiwa "registrera dig" kwenye mfumo uitwao Ladok, na baadhi ya programu zina "upprop", wito wa majina siku ya kwanza. Ukikosa bila taarifa, kiti chako kinapewa wa foleni. Kwa Kiingereza wataliita "roll-call", neno linalotukumbusha mstarini asubuhi, na ndivyo lilivyo hasa: jina linaitwa, unaitika.

Hatua ya 3: Jifunze nani ni nani na wapi ni wapi

Hapa ndipo Kiingereza kinapokuangusha kuliko pengine popote, kwa hiyo nenda polepole.

Ukiulizwa Dar es Salaam "unasoma kozi gani?", unajibu shahada yako: uhandisi, sheria, ualimu. Uswidi hiyo ni "program". "Kurs" ni kipande kimoja ndani yake, pengine cha wiki tano tu. Kuna pia "fristående kurs", kozi ya kusimama peke yake ambayo mtu husoma bila kuwa kwenye programu yoyote. Ukimwambia mtu kwa Kiingereza "my course is three years", atashangaa ni kozi gani hiyo isiyokwisha.

"Institution" ni idara. Mkuu wa idara anaitwa "prefekt". Kwetu "prefect" ni kiranja, yule wa kidato cha tano aliyekuwa akiandika majina ya wanaozungumza Kiswahili bwenini. Nilipopokea barua pepe iliyotiwa saini na "prefekt" nilijiuliza tangu lini kiranja ana shahada ya uzamivu. "Rektor" kwa chuo kikuu ni mkuu wa chuo mwenyewe, na kwa shule ni mwalimu mkuu.

"Gymnasium" si pa kunyanyulia vyuma, ni shule ya sekondari ya juu. "Högskola", ingawa kwa vipande vyake ni "shule ya juu", ni chuo cha elimu ya juu, kaka wa chuo kikuu. Lakini "folkhögskola" ni kitu kingine: shule za watu wazima ambazo za kwanza zilifunguliwa mwaka 1868, hazina haraka ya mitihani, wengi hulala hukohuko. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi (FDC) vilivyoanzishwa mwaka 1975 vilichukua mfano huo, kwa msaada wa Uswidi. Ukipita mbele ya chuo cha FDC wilayani kwenu umeshaiona "folkhögskola".

Mwanafunzi wa shule ni "elev", wa chuo ni "student". Ila kijana akisema "jag tog studenten", amemaliza sekondari, na ndiyo siku ya kofia nyeupe na kupandishwa kwenye lori kwa makelele mji mzima. Huko Uppsala na Lund utasikia "nation". Hilo si taifa. Ni chama cha wanafunzi chenye jina la mkoa fulani, kina jengo lake, jiko lake na dansi yake. Hadi mwaka 2010 uanachama wa jumuiya ya wanafunzi, "studentkår", ulikuwa wa lazima. Sasa ni hiari, lakini nakushauri ujiunge, kwa sababu Kiswidi cha jikoni utakipata huko kabla ya darasani.

Na neno linaloumiza kuliko yote ni "examen". Hilo ni shahada. Mtihani ni "tentamen", kwa kifupi "tenta". Mtu akikuambia kwa Kiswidi kwamba ana "examen" katika uchumi, mpongeze, usimtakie heri.

Hatua ya 4: Saa zao, saa zetu, saa za Mwingereza

"Vi ses halv tre." Tukutane "halv tre". Mwingereza akisema "half three" anamaanisha tatu na nusu. Mswidi anamaanisha nusu ya kuielekea tatu, yaani mbili na nusu. Nawe Mswahili ukiihamisha kwenye saa yako inakuwa saa nane na nusu mchana. Saa tatu za ukutani, kila moja na yake! Dawa niliyoipata ni kujibu kila ahadi kwa tarakimu: "Klockan 14.30?" Mtu ataitikia, na hakuna atakayekucheka.

Ratiba ikiandika "13–15", darasa linaanza 13.15. Robo ile inaitwa "akademisk kvart". Asili yake ni zama ambazo wanafunzi walisikiliza kengele ya kanisa kisha wakatembea hadi darasani. Uppsala shughuli za jioni huweza kuwa na robo mbili, zikaandikwa "dk". Lakini kukiwa na neno "prick", kama "13 prick", ni saa hiyohiyo kamili. Robo hiyo isikudanganye kwamba wenyeji ni wavumilivu wa ucheleweshaji. Ukifika 13.17 umechelewa.

Tena wanahesabu mwaka kwa wiki. "Inlämning v. 38" ni kwamba kazi inakusanywa wiki ya 38. Weka namba za wiki kwenye kalenda ya simu yako leo, ipo sehemu ya kuziwasha. Muhula wa vuli, "hösttermin", huandikwa HT. Wa masika, "vårtermin", ni VT, ingawa huo unaanza Januari theluji ikiwa magotini, hilo wajibu wenyewe.

Uzito wa kozi hupimwa kwa "högskolepoäng", kifupi hp, na kwa Kiingereza watasema "credits". Hesabu yake ni rahisi: hp 1.5 ni wiki moja ya kazi ya muda wote, saa 40. Kozi ya hp 7.5 ni wiki tano, muhula ni hp 30, mwaka ni 60. Shahada ya kwanza, "kandidat", ni hp 180, na ya uzamili ya miaka miwili ni 120. Ukiona ratiba yako ina vipindi sita tu kwa wiki usishangilie. Zile saa 34 zilizobaki ni zako na vitabu, na mwalimu anadhani unazitumia.

Hatua ya 5: Vitenzi vitano vya kuanza navyo

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nipende lugha hii.

"Läsa" ni kusoma, kwa maana zetu zote mbili. "Jag läser en bok", nasoma kitabu. "Jag läser juridik", nasoma sheria. Kiingereza kimevitenganisha, wao na sisi hatukuvitenganisha. Ukiulizwa "vad läser du?" kwenye sherehe, usitaje riwaya uliyonayo mkobani.

"Lära sig" ni kujifunza. Angalia hiyo "sig", ndiyo "-ji-" yetu kabisa: ku-ji-funza. Ukiiondoa maana inageuka, kama kwetu kujifunza kunavyogeuka kufunza. Kufundisha ni "lära ut". Wazungumzaji wa Kiingereza huisahau "sig" hadi mwaka wa pili. Wewe huna sababu.

"Hinna" ni kuwahi. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi hii, huzunguka kwa maneno manne matano. "Jag hinner inte", sitawahi. "Jag hann inte klart", sikuwahi kumaliza. Kitenzi hiki utakitumia kila siku ya maisha yako ya chuo.

"Orka" ni kumudu, kuwa na nguvu ya jambo. "Jag orkar inte plugga mer", simudu tena kusoma. Na "plugga" huyo ni kupiga msuli, kubukua, si kusoma kwa starehe.

"Slippa" ni kuponea, kunusurika na jambo ambalo hukulitaka. "Jag slapp omtentan", nimeponea kurudia mtihani. Furaha yote ya neno letu la kuponea imo.

Ukishaonja hivi, utaanza kuviona vingine mwenyewe. "Jag heter" ni naitwa, neno moja. "Det finns" ni kuna. Na kwenye SFI ukifika somo la familia utatabasamu: "morbror" ni mjomba, "faster" ni shangazi, "moster" ni mama mdogo au mkubwa, "farbror" ni baba mdogo au mkubwa. Kiingereza kiliwarundika wote kwenye kapu mbili. Ila maneno mawili yatakuchekesha: "kaka" kwao ni keki au biskuti, na "fika" ni kukaa kunywa kahawa. "Ska vi fika?" si "je, tutafika?" Unakaribishwa kahawa, tena kukataa kila mara kunaonekana kujitenga.

Hatua ya 6: Sentensi za kuokoa jahazi darasani

Zikariri kama zilivyo, usizichambue kwanza. "Jag hänger inte med", nimeachwa hapo. "Kan du ta det en gång till?", rudia tafadhali. "Hur stavas det?", linaandikwaje. "Hur menar du?", una maana gani. "Det beror på", inategemea, nayo ndiyo silaha ya kila semina. "Jag håller inte riktigt med", sikubaliani nawe sana, ambayo kwa Kiswidi ni upinzani mzito ingawa inasikika kama pamba. Ukienda kaskazini, Umeå na kupanda, ukauliza swali na mtu akavuta pumzi ndani ghafla kwa midomo kama anayepuliza kinyumenyume, hajashtuka. Amesema ndiyo.

Semina si mhadhara mdogo. "Föreläsning" ndiyo mhadhara, unakaa unaandika. "Seminarium" unatakiwa useme, na ukimya wetu wa heshima unahesabiwa kama hukusoma. Ukiwa na programu ya Kiingereza tumia "could you say a bit more about that?" na "I see it slightly differently". Ni laini, na zinakuhesabia umeshiriki.

Hatua ya 7: Mtihani

Jiandikishe kwanza. Kwa mitihani ya ukumbini, "salstentamen", hukubaliwi kuingia kwa sababu tu umesoma kozi. Unatakiwa uwe umefanya ile "tentamensanmälan" kwenye mfumo, na dirisha lake hufungwa siku kadhaa kabla. Chukua "leg", yaani kitambulisho. Utapewa "anonymkod" uandike badala ya jina, ili msahihishaji asikujue. Msimamizi ni "tentavakt", mara nyingi mstaafu mpole mwenye macho makali. Mtihani huweza kuchukua muda wa saa nne au tano, na usishangae jirani yako akifungua chupa ya chai na ndizi mbili. Inaruhusiwa. Mimi siku ya kwanza njaa iliniuma kwa adabu zangu.

Soma kitenzi cha swali kabla ya swali. "Ange" ni taja tu, usipoteze ukurasa. "Redogör för" ni eleza kwa mpangilio. "Jämför" ni linganisha. "Motivera ditt svar" haina uhusiano wowote na kutiana moyo, ni toa sababu za jibu lako, na bila sababu hizo jibu sahihi halipati alama zote. Kwa mtihani wa Kiingereza angalia jozi moja: "give an account of" ni eleza, lakini "account for" ni toa sababu. Wanaochanganya hizo mbili huandika kurasa tatu nzuri zisizojibu kitu. Ile "with vivid examples" ya kidato cha nne hutaiona tena, ila mifano bado inatakiwa.

Matokeo ni "betyg". Kozi nyingi hutumia ngazi tatu: U ni "underkänd", umeanguka, G ni "godkänd", umefaulu, VG ni "väl godkänd", umefaulu vizuri. Chuo Kikuu cha Stockholm na KTH, chuo cha uhandisi cha hukohuko, hutumia A hadi F. Chalmers kule Göteborg hutumia U, 3, 4 na 5, kwa hiyo ukiona 3 usidhani ni Division Three, umefaulu. Fx maana yake umekosa kidogo tu, na mara nyingine utapewa "komplettering", kazi ya kuongezea ili upate alama.

Aliyefaulu anasema "jag klarade tentan", aliyeanguka "jag kuggade". Kurudia ni "omtenta", ndiyo sapu yetu, lakini bila ile aibu ya jina kubandikwa ubaoni. Watu hurudia na maisha yanaendelea. Kudisko kwa maana yetu, kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakupo hivyo, ingawa programu nyingi hukuzuia kuendelea na kozi ya juu kama hp za chini hazijatimia. Na wenye haki ya kupata fedha za CSN, mamlaka ya ruzuku na mikopo ya wanafunzi, ambazo ndizo bumu lao, hukaguliwa kwa hp walizozimaliza.

Hatua ya 8: Barua kwa mwalimu

Tulipokulia, mwalimu ni shikamoo na cheo kamili. Uswidi waliviacha vyeo vya kuitana mwishoni mwa miaka ya 1960, na watu hukumbuka jinsi Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya tiba ya serikali, alivyowaambia watumishi wake mwaka 1967 kwamba atamwita kila mtu "du". Tangu hapo profesa ni jina lake la kwanza. Utaona vigumu. Zoea.

"Hej Karin! Jag läser kursen Metod 1 och har en fråga om inlämningsuppgiften. Tyvärr hinner jag inte bli klar till fredag. Finns det möjlighet att lämna in på måndag i stället? Tack på förhand!" Kisha "Med vänlig hälsning", au "Mvh" mkizoeana, na jina lako. Salamu, kozi, shida, ombi, shukrani. Umeiona "hinner" ikifanya kazi yake?

Kwa Kiingereza ni ileile: "Hi Karin, I am taking Methods 1 and have a question about the assignment. Unfortunately I will not be able to finish by Friday. Would it be possible to submit on Monday instead?" Ondoa "I humbly request" na "your esteemed office". Hazimkasirishi mtu, ila anazisoma mara mbili akitafuta ombi liko wapi.

Hatua ya 9: Kuandika, kunukuu na kutodesa

"Uppsats" ni insha ndefu hadi tasnifu, "PM" ni andiko fupi la kurasa chache, na "examensarbete" ni kazi ya mwisho ya shahada. Msimamizi wako ni "handledare", kwa vipande vyake anayekuongoza kwa mkono. Yeye anakushauri tu. Anayetoa alama ni "examinator", mtu mwingine mara nyingi, kwa hiyo "handledare" akisema kazi ni nzuri usiifunge bado. Siku ya kuitetea utapewa "opponent", mwanafunzi mwenzako aliyeisoma na kuandaa maswali, na wewe utakuwa "opponent" wa mwingine. Si adui. Asiyekuuliza chochote ndiye aliyekuonea. Wa shahada ya uzamivu wana desturi ya kuipigilia tasnifu yao ukutani kwa nyundo na msumari wiki tatu kabla ya utetezi, wanaita "spika". Ukipata mwaliko, nenda, kuna keki.

Kudesa kunaitwa "fusk", na kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja ni "plagiat". Kesi huenda "disciplinnämnd", na adhabu ya "avstängning" inaweza kufika miezi sita nje ya masomo. Kwa mwenye kibali cha kuishi kinachotegemea masomo, huo ni mzigo mwingine kabisa. Kila wazo lililotoka kwa mwingine lipe "källhänvisning" palepale kwenye sentensi, na mwisho weka "källförteckning", orodha ya vyanzo. Wengi wetu tuliofundishwa kukariri tafsiri ya mwalimu neno kwa neno na kuirudisha vilevile, tunanaswa hapa bila nia mbaya. "Med egna ord" kwenye maelekezo ni kwa maneno yako mwenyewe, na wanamaanisha hivyo. Ukikwama juu ya neno, svenska.se ina kamusi za Akademia ya Uswidi bure, na pale kamusi iitwayo SO hukupa sentensi za mfano ambazo ni bora kuliko tafsiri yoyote ya simu.

Hatua ya 10: Omba cheti

Kozi zikiisha na hp zikitimia, hakuna bahasha itakayokufuata. Shahada huombwa: "ansök om examen", kwa kawaida kupitia Ladok, kisha unasubiri wiki kadhaa upate "examensbevis". Rafiki yangu mmoja aliona neno "examen" kwenye tangazo hilo, akajua mitihani yake yote ameshaimaliza, akalifuta. Akarudi Morogoro, akakaa miezi akisubiri posta.

Cheti hicho hakina daraja la jumla kama First Class au Upper Second, na mwajiri wa nyumbani ataliulizia. Chukua pamoja nacho "diploma supplement", ambayo huandikwa kwa Kiingereza na kueleza mfumo wao wa elimu, na nakala za alama za kozi zote, ukiwa bado na nywila ya chuo.